Basi moja tu: Kilwa, Dar au Mikindani kwa wanafunzi wa sanaa na ubunifu?

Shule nyingi huku kusini mwa Tanzania hupata safari moja ya masomo kwa mwaka, na hiyo moja yenyewe hupatikana kwa mbinde. Michango ikitimia, mwenye basi akikubali kulipwa nusu kwanza, mkuu wa shule akitia saini, linabaki swali moja: tunawapeleka wapi? Mwalimu wa historia hahangaiki sana, popote penye magofu panamfaa. Mwenye kazi ni mwalimu wa sanaa, wa ushonaji au wa useremala, ambaye anataka wanafunzi waione nakshi, wakae nayo, waichore, na wakirudi waitumie kwenye kitambaa au kwenye mbao. Tangu mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, uanze sekondari mwaka 2024, walimu wa namna hii wamekuwa wengi, na mabishano ya "Dar au Kilwa" yamezidi kwenye ofisi za walimu.

Nitazilinganisha safari hizo mbili, kisha nitaweka ya tatu ambayo watu huidharau kwa sababu iko karibu: Mikindani na mji wa Mtwara wenyewe. Niseme mapema ninakoegemea. Kwa darasa la sanaa ambalo halijawahi kutoka, Dar naiweka mwisho. Si kwa ubaya wake. Kitu kilichofungiwa kwenye kabati la kioo kinamfundisha zaidi mtu ambaye tayari amekiona cha aina yake kikiwa ukutani, mlangoni au mkononi mwa fundi. Asiyekiona huko kwanza anasoma kibandiko, ananakili mwaka, anapita.

Kilwa: nakshi ikiwa bado mahali pake

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu ya miji ya kale ya Waswahili visiwani, ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Kuanzia 2004 hadi 2014 zilikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, zikatolewa huko baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Hayo mwongozaji atayasema tu, hata usipouliza. Kinachomhusu mwanafunzi wa ubunifu ni jiwe lenyewe.

Mafundi wa Kilwa walitumia matumbawe ya aina mbili. Kuta ni mawe magumu ya matumbawe ya nchi kavu, yameshikwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo. Lakini palipohitaji umaridadi, kwenye miimo ya milango, kwenye kibla, kwenye kingo za matao, fundi alichukua tumbawe laini lililotolewa baharini likiwa bichi. Likiwa na maji yake linachongeka kwa urahisi, likikauka linakuwa gumu na kudumu karne kwa karne. Maana yake fundi hakuwa na muda wa kubahatisha. Mchoro ulipaswa uwe umekwisha kichwani kabla patasi haijagusa jiwe. Mweleze mwanafunzi wa useremala jambo hilo akiwa amesimama mbele ya mwimo wenyewe, utaona anavyosogea karibu kutafuta alama za chuma.

Msikiti Mkuu unatosha kuwa somo la asubuhi nzima. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale, ya karne ya 11 au 12, ndogo na isiyo na mbwembwe. Sehemu ya kusini iliongezwa baadaye, na hapo ndipo penye makuba, matao na safu za nguzo. Zoezi langu pale ni moja: kila mwanafunzi achague nguzo moja tu na aichore kuanzia chini hadi juu. Karibu wote huanza kwa kuichora ya mviringo. Waambie wazunguke na kuhesabu pande kwa kidole, bila kugusa. Wakifika nane wanafuta. Kuanzia hapo wanaacha kuchora wanachodhani kipo na wanaanza kuchora kilichopo, na hilo darasani linaweza kuchukua muhula mzima.

Karibu na hapo kuna msikiti mdogo wa makuba ambao darini mwake mafundi walipachika mabakuli ya kauri yaliyotoka ng'ambo. Wanafunzi wa ushonaji wapelekwe hapo hata kama muda umebana. Bakuli limetolewa kwenye sinia na kugeuzwa kuwa pambo la paa, na kitu cha gharama kimewekwa mahali ambapo mtu hatakilia chakula wala hatakishika, atakitazama tu akiinua kichwa. Mshonaji anayepanga mahali pa kuweka shanga au kipande cha kitenge kwenye gauni anakabiliwa na uamuzi uleule.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, kwa mguu, na jua la saa tano halina huruma. Ni jumba la mwanzoni mwa karne ya 14 linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Lina vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea lenye pembe nane, na halikuwahi kumalizika. Kama una wanafunzi wanaojua matumizi ya bikari, wape kamba na vijiti viwili, warudi mchangani pwani wajaribu kuchora umbo la pembe nane kubwa bila rula. Mafundi wa karne ile hawakuwa na rula ya plastiki.

Songo Mnara ni safari nyingine ya boti, ndefu zaidi, na wengi huikata kwa kuokoa fedha. Kama darasa lako linasoma ubunifu wa ndani ya nyumba, ningekata Husuni Kubwa kabla ya kukata Songo Mnara. Pale kuna nyumba za watu, za karne ya 14 na 15, zenye vyumba vilivyofuatana na zidaka, yaani vishubaka, ukutani. Beba futi ya fundi, pimeni upana wa vyumba. Mtakuta vingi havifiki mita tatu, na urefu unaweza kwenda utakavyo. Sababu iko juu, si chini: paa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hiyo ina urefu wake, ukiuzidisha inapinda kwa uzito wa chokaa. Umbo la chumba kizima limeamuliwa na mti wa mkokoni. Sijui somo la ubunifu lililo wazi kuliko hilo.

Sasa kasoro. Vitu vidogo Kilwa hamtavikuta. Sarafu, shanga na kauri nzuri zilizofukuliwa pale zimehifadhiwa kwingine, nyingi Dar. Maelezo ya maandishi ni machache, kwa hiyo kila kitu kinategemea mwongozaji, na waongozaji wengi wamezoea kusimulia masultani na Wareno. Mkiwa ofisini Kilwa Masoko, mji wa bara mnakopandia boti, mnapokata vibali, mwombe mwongozaji anayejua ujenzi, tena mwambie mapema kwamba mtakaa sehemu tatu tu kwa muda mrefu badala ya kuzungushwa kila mahali. Boti zina mambo yake: maji yakiwa yametoka mtashuka mkikanyaga tope, kwa hiyo viatu vya shule vivuliwe na madaftari yawe kwenye mfuko wa plastiki. Jaketi za kuokolea zihesabiwe kabla ya wanafunzi kupanda, si baada. Kisiwani kuna kijiji cha watu wanaoishi na kuswali, basi mavazi yawe ya heshima na picha za watu zipigwe kwa ruhusa.

Na jambo moja ambalo walimu wa sanaa tunalipenda lakini pale halifai: kuweka karatasi juu ya nakshi na kuisugua kwa penseli ili kupata umbo lake. Tumbawe lililochongwa miaka mia sita iliyopita linamong'onyoka. Zoezi hilo mlifanyie kwenye mlango wa mbao nyumbani kwa mtu aliyekubali.

Dar: vitu vidogo, mwanga mzuri, foleni ndefu

Watu husema "makumbusho ya Dar" kana kwamba ni jengo moja. Ni mawili yenye tabia tofauti kabisa, na kwa mwanafunzi wa sanaa tofauti hiyo ni kubwa.

La kwanza ni lile la Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Lilifunguliwa mwaka 1940 kama ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na siku hizi ni Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Hapa ndipo yalipofika matunda ya uchimbaji wa Kilwa uliofanywa na mwanaakiolojia Neville Chittick kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Faida ya kioo inaonekana hapa. Kigae cha chungu kilichofinyangwa na mwanamke wa pwani, chenye mistari iliyokwaruzwa kabla hakijachomwa, kinakaa karibu na kauri ya Uchina yenye rangi ya kijani iliyopoa. Kilwa huwezi kuviona hivyo pamoja. Mwanafunzi akivitazama kwa zamu anaona kwamba mmoja alipamba kwa kutoa udongo na mwingine kwa kuongeza rangi.

Sarafu za Kilwa nazo zinastahili muda. Ni vipande vidogo vya shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na maneno ya pande zote mbili yana vina. Fikiria kazi ya kumpa mwanafunzi anayejifunza kuandika mabango: maandishi mawili yenye vina, kila moja lienee ndani ya duara dogo kuliko kifuniko cha soda. (Sarafu chache za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Wanafunzi hulipenda hilo kuliko vina, nami siwalaumu.)

Jiandae pia kwa magari. Kuna magari ya zamani yaliyotumiwa na viongozi wa nchi, na nusu ya darasa lako litaishia hapo na simu. Njia pekee niliyoiona ikifaa ni kuanza nayo: dakika kumi za magari, picha zikapigwa, hamu ikaisha, ndipo mkaingia kwenye vyungu.

La pili ni Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, lililoanzishwa mwaka 1967. Ni lile lililoipa jina stendi ya daladala ya Makumbusho. Ni uwanja wa wazi wenye nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo na nyingine nyingi. Kwa mwanafunzi wa ubunifu hapa pananizidia Shaaban Robert, maana unaingia ndani. Unaona fito zilivyofungwa, kamba ilivyopita, nyasi zilivyopangwa kutoka chini kwenda juu ili mvua iteleze. Msonge ukitazamwa kutoka ndani ni somo la duara na mahesabu yake, na kule kwetu ambako nyumba ni za pembe nne mwanafunzi hana mahali pengine pa kuliona. Wakati mwingine kuna ngoma. Ikiwa wanafunzi wako wana daftari la michoro na saa mbili tu Dar nzima, ziende hapa.

Kutoka hapo hadi kwa wachonga vinyago wa Mwenge ni karibu, na wengi wa wale mafundi asili yao ni huku kwetu au ng'ambo ya Ruvuma. Hapo lakini uwe macho. Mwenge ni soko. Fundi anayepiga msasa tembo wa hamsini wa wiki hiyo anauza, hafundishi, na ana haki ya kuuza. Mwanafunzi akirudi akidhani uchongaji wa Kimakonde ni tembo na twiga, safari imempotosha.

Kinyago kilichoibwa, na mpingo wa mtaani

Kwenye uchongaji wa vinyago Kilwa haina la kusema, mshindani wa Dar ni Mtwara yenyewe.

Mwaka 1984 makumbusho ya taifa yaliibiwa, na kati ya vilivyochukuliwa kilikuwemo kinyago cha lipiko cha Wamakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Baada ya mazungumzo ya miaka mingi kilirudishwa Tanzania Mei 2010. Huo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo na wanafunzi: kitu kilichochongwa kivaliwe kichwani usiku mmoja wa ngoma kilifikaje Uswisi, na kikirudi, kwa nini kinarudi kabatini?

Zaidi ya hiki kimoja, lipiko lina mengi ya kusema kwa mtu wa ubunifu. Huchongwa kwa mti mwepesi, si mpingo, kwa sababu mchezaji atalivaa na kucheza nalo. Chale za usoni mara nyingi huwekwa kwa nta, nywele halisi hupachikwa, masikio na midomo hufuata sura ya mtu. Kila uamuzi wa mafundi unatokana na matumizi. Lakini mapiko (ndio wingi wa lipiko) ni mambo ya jando na unyago. Yapo ambayo wazee hawayasemi mbele ya wasiochezwa, na mwalimu asimbane mzee maswali kwa sababu tu ana fomu ya kujaza.

Kwa upande wa mpingo, usipande basi hadi Dar. Tafuta fundi aliye karibu, Mtwara mjini au kwenye vijiji vya nyanda za juu kuelekea Newala, mkubaliane siku na malipo, na malipo yawe ya kweli. "Unawapa watoto elimu" si malipo. Mwombe aanze na gogo bichi mbele ya wanafunzi. Wataona gamba likitoka, kisha ukingo wa mti wenye rangi ya maziwa, kisha tezo inapofika kwenye kiini cheusi mlio unabadilika, unakuwa mkali. Hapo fundi anaanza kufikiri upya: aache weupe kidogo uwe nywele, kanga au ukingo wa kikapu, au autoe wote? Kwenye kinyago kilichokamilika weupe huo huonekana kama urembo tu. Mbele ya gogo unaona kuwa mti wenyewe ndio uliompa fundi wazo.

Wakishaona hivyo, majina ya mitindo yanakaa kichwani bila kukariri. Wa shetani, ambao Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wake miaka ya 1950, wenye viungo vilivyopinda na macho mahali pasipotarajiwa. Wa ujamaa, watu waliobebana kutoka kwenye gogo moja bila kiungo wala gundi. Waulize wanafunzi kwa nini kinyago cha watu waliobebana kinafaa umbo la gogo refu, na waache wabishane.

Wanaotaka kuunganisha safari na tukio waulizie ADEA, shirika la sanaa la Mtwara, wanaoandaa tamasha la MaKuYa, linalobeba majina ya Wamakonde, Wamakua na Wayao. Vitu vya mikono na ngoma vikiwa mahali pamoja, somo linajiandaa lenyewe.

Mikindani: nusu siku, nauli ya bajaji

Mikindani haina makumbusho ya maana ya kujisifia, na ndiyo maana shule huiruka. Iko kama kilomita kumi tu kutoka Mtwara mjini. Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 lilikarabatiwa vizuri na sasa ni hoteli, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kufika na kundi la watoto arobaini. Linafaa kwa somo moja: jengo la utawala wa kigeni lililovalishwa mapambo ya pwani. Kuta nene, ua katikati, mnara, matao. Waulize wanafunzi ni sehemu gani ziliwekwa kutisha na zipi ziliwekwa kupendeza. Nyumba inayohusishwa na Livingstone, aliyepita hapa mwaka 1866, ni ya dakika tano.

Muda uliobaki uende kwenye milango. Mlango wa pwani unasomeka vilevile kama kanga: una pindo linalozunguka na una mji katikati, na mara nyingi juu yake maandishi. Wanafunzi wa ushonaji wanaelewa papo hapo. Pindo ni miimo na kizingiti cha juu, mara nyingi zenye mnyororo uliochongwa ukizunguka. Katikati unasimama mfaa, ule ubao wa wima unaofunika mwanya kati ya mbao mbili, na hapo ndipo fundi alipoonyesha ujuzi wake wote. Mlango wenye kizingiti kilichonyooka na ule wenye nusu duara juu, uliojaa majani na maua, ni watoto wa mikono tofauti, mmoja ukivuta kwa Waarabu na mwingine kwa Wahindi. Baadhi ya nyumba zinabomoka na milango mingine imeshauzwa. Chora iliyobaki.

Kutoka Mikindani rudini mjini, Majengo, kwenye kanisa Katoliki la Mtakatifu Paulo. Kuta za mbele na za pembeni zimejaa michoro ya visa vya Biblia iliyochorwa na padri Mbenediktini wa Ujerumani, Polycarp Uehlein, kwa kazi ya takriban miaka miwili. Alichora pia makanisa mengine ya kusini, likiwemo la Nyangao, kwa hiyo walio Lindi wana la kwao la kulinganisha. Sijaona mahali pengine kusini ambapo mwanafunzi anaweza kukaa kwenye benchi, kivulini, na kusoma jinsi rangi zinavyobeba ukuta mzima. Ombeni ruhusa kwa paroko, na epukeni siku za harusi. Wanafunzi Waislamu nao waende, kama vile Wakristo wanavyoingia Msikiti Mkuu wa Kilwa, na wazazi waelezwe mapema kuwa ni somo.

Fedha, muda na barabara

Kwa kundi linalotoka Mtwara, Dar ni zaidi ya kilomita 550. Siku moja ya kwenda inaishia njiani, ya kurudi vilevile, na kati yake mnahitaji siku mbili kamili ili safari iwe na maana. Kilwa Masoko iko karibu nusu ya njia hiyo. Mkiondoka alfajiri mnafika mchana, mnapata vibali, mnalala, asubuhi mnavuka, na usiku wa pili au siku ya tatu mko nyumbani. Kwa shule ya Lindi mjini tofauti ni kubwa zaidi, Kilwa ni mkoa wao wenyewe.

Kiingilio cha mwanafunzi raia ni kidogo sehemu zote mbili, kisiwe hoja. Gharama inayojificha Kilwa ni boti, hasa mkiongeza Songo Mnara. Gharama inayojificha Dar ni malazi, mafuta ya basi kwenye foleni na fedha za mfukoni zinazoyeyukia Kariakoo. Mimi nikilinganisha michango ya pande mbili, Kilwa pamoja na boti bado hunigharimu kidogo kuliko Dar, na sehemu kubwa ya tofauti ni usiku wa kulala.

Tarehe ndiyo inayoamua mengi. Michango ikusanywe msimu wa korosho, minada ikishaanza na wazazi wakishalipwa, kuanzia Novemba. Lakini usafiri uwekwe kiangazi, kuanzia Juni. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Somanga na magari yakakwama siku kadhaa. Somanga iko kaskazini mwa Nangurukuru, mahali pa kukunja kwenda Kilwa Masoko, kwa hiyo anayetoka kusini kwenda Kilwa hafiki huko. Kwa anayekwenda Dar hakuna njia fupi ya kuikwepa.

Nani aende wapi

Kidato cha kwanza, au kundi lolote lisilowahi kuchora nje ya darasa, liende Mikindani na Majengo, nusu siku, na lirudi tena wiki inayofuata kumalizia mchoro. Kurudi mahali palepale ni anasa ambayo Dar na Kilwa haziwezi kukupa.

Wanafunzi wa useremala na uashi wa vyuo, nawapeleka Kilwa bila kusita. Wakiwa na siku ya ziada wapitie Kilwa Kivinje njiani, wakatazame milango ya mbao baada ya kuona ile ya jiwe.

Wanaotaka kuchonga wakae kwa fundi wa mpingo siku mbili kuliko kwenda popote.

Wanafunzi wa ushonaji na wa mabango ndio pekee ninaowapendekezea Dar mapema, kwa sababu ya maandishi ya sarafu, mapambo ya vyungu na nafasi ya kuona sanaa ya siku hizi kwenye maonyesho ya Nyumba ya Utamaduni. Hata hao wapite kwanza kwenye milango ya Mikindani.

Kidato cha tatu au cha nne ambacho kimeshaona Mikindani na Kilwa, Dar ni yao. Wakiingia Shaaban Robert wakakuta kigae kilichotoka Husuni Kubwa watajua kilisimama wapi na jua lilikuwa upande gani. Mwalimu aandike barua kwa makumbusho mwezi mmoja au zaidi kabla, ataje somo ni la sanaa, aorodheshe vitu anavyotaka wanafunzi wachore, na aombe mhifadhi badala ya mwongozaji wa kawaida. Barua isemayo tu "ziara ya mafunzo" hujibiwa kwa mzunguko wa dakika arobaini na tano.